Tundu la Juu

Mhadhara kwa wananchi, uliotolewa Msangeni, milima ya Upare, kuhusu kulinda simu, redio, dekoda na vifaa vingine vidogo



Nimekuja na vitu viwili mfukoni. Kimoja ni chaja ya simu ya miguu miwili ya mviringo, na cha pili ni kalamu ya wino. Nadhani wote mmeshajua kalamu ni ya nini. Unakuta soketi ukutani ina matundu matatu, yale mawili ya chini yamezibwa kwa ndani. Unaingiza kalamu kwenye tundu la juu, unasukuma, ndani panalia "tak", matundu ya chini yanafunguka na chaja inaingia. Kalamu ikikosekana hutumika kijiti cha kiberiti, na kijiti kikikosekana nimeona mtu akitumia mpini wa kijiko, bahati yake kilikuwa cha plastiki. Mtoto wa darasa la tatu anaijua mbinu hii kabla hajalijua jedwali la saba.

Sikuja kumgombeza mtu. Nimekuja kuwaeleza kwamba tundu hilo la juu ndilo mhadhara wangu wote. Soketi ile ni ya mtindo wa Waingereza, ambao waliuweka kwenye viwango vyao mwaka 1947, na hawakutoboa tundu la tatu ili liwe ufunguo wa yale mengine. Kufungua ni kazi yake ya pembeni. Tazameni plagi yenye miguu mitatu: mguu wa juu ni mrefu kuliko wenzake. Umefanywa hivyo kwa makusudi, uwe wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, ili kifaa kiwe kimekwisha kushikana na ardhi kabla umeme haujakifikia. Mafundi tunaiita ethi. Ni udongo huu huu tunaoukanyaga.

Sasa Kiswahili chenyewe kimetutega. Kabla ya nguzo na transfoma, umeme ulikuwa ule mwanga unaopasua wingu. Nguzo zilipokuja tukalichukua neno hilo hilo tukawapa watu wa nguzo. Leo mteja akija mezani kwangu na dekoda iliyonuka moshi, akasema "umeme umeniunguzia", siwezi kujua anailalamikia mbingu au TANESCO, na nikimuuliza naye hajui. Anachojua ni kwamba jana ilikuwa nzima. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu vinavyoua vifaa vyetu ni vitu vitatu au vinne tofauti, kila kimoja na dawa yake, na sisi tunavinunulia dawa moja.

Nianze na kisa changu mwenyewe, maana fundi anayesimulia makosa ya wengine tu si wa kuaminiwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kinga ya TV kwenye duka moja mjini. Ilikuwa kitu kizuri chenye kitaa chekundu, na boksi lake lilikuwa na picha ya radi ikigonga ngao. Nikaichomeka nyumbani, nikachomeka TV na dekoda ndani yake, nikalala usingizi wa tajiri. Mvua za Novemba zikaja. Alasiri moja radi ilipiga upande wa pili wa korongo, wala si kwetu, nikasikia ndani ya nyumba mlio kama wa kuni mbichi kwenye moto. Dekoda ikafa, TV ikafa. Kinga yenyewe ilikuwa bado inawasha kitaa chake kana kwamba haikuona kitu.

Nikaifungua kwa hasira, nikitaka kuona nimeuziwa boksi tupu. Halikuwa tupu. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya duara, vya bluu, kama vidonge vikubwa, vimeunganishwa vizuri kabisa. Aliyeitengeneza alikuwa mwaminifu. Nikazima meni swichi, nikafungua soketi ya ukutani. Nyuma ya tundu la juu hapakuwa na waya. Hata alama ya kwamba uliwahi kuwapo haikuwapo. Aliyenifungia nyumba, simtaji, alileta waya mbili kwenye soketi ya matundu matatu akaondoka na pesa yake. Nami nilikuwa nimekaa na soketi hiyo miaka minane nikijiita fundi.

Vile vidonge vya bluu vinaitwa varista, na ili tuelewane juu yake naomba wazee waniazime ndiva, lile bwawa letu dogo la kumwagilia. Ninyi mnaijua kuliko mimi. Maji ya kijito yanakusanywa usiku kucha, asubuhi kizibo kinatolewa, yanakwenda mferejini, kila mwenye zamu anamwagilia shamba lake. Siku zote ukingo wa ndiva unatosha. Lakini usiku wa mvua kubwa maji yanakuja mara kumi ya kawaida, na kama hapakuwekwa mahali pa kupunguzia, chini kidogo ya ukingo, maji yatajichagulia pa kupita. Yanapojichagulia yanaondoka na ukingo wenyewe.

Varista ni mahali pa kupunguzia. Imetengenezwa kwa punje za oksidi ya zinki, zinki ile ile inayopakwa kwenye bati, zilizochomwa pamoja kama chungu. Katika volti zetu za kawaida, 230, haipitishi umeme wowote wa maana, utadhani ni jiwe. Volti zikipanda kupita kiwango chake, punje zile zinafungua njia kwa ghafla, kwa muda mfupi kuliko sehemu ya milioni ya sekunde, na zikishuka inajifunga tena. Aliyeigundua ni Michio Matsuoka wa kampuni ya Matsushita huko Japani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Wazee mtafurahi kujua kwamba Matsushita ndiyo hiyo hiyo iliyotengeneza redio za National mlizokuwa mkitembea nazo begani.

Lakini mahali pa kupunguzia pasipo na mkondo wa kuyapeleka maji bondeni ni nini? Ni tundu tu kwenye ukingo. Varista zangu zilifunguka siku ile. Nina hakika zilifunguka. Ila zilipofunguka kuelekea ethi hazikukuta ethi, zikakuta ukuta.

Mtu wa mbele ataniuliza, na ana haki: kwa nini umeme usingeondoka kwa waya wa nyutro? Kwa sababu radi haiji kwa waya mmoja. Radi ya kawaida hubeba ampia 30,000 hivi, wakati nyumba yenye taa, TV na pasi haifikii hata 20. Mshindo unapanda mpaka kileleni ndani ya sehemu chache za milioni ya sekunde. Mkondo mkubwa hivyo ukibadilika kwa haraka hivyo huzitikisa waya zote zilizo karibu hata kama haukuzigusa, na waya tupu unaopita kwenye mgongo wa mlima huokota maelfu ya volti kutoka kwa radi iliyopiga mamia ya mita mbali. Laivu na nyutro zimepita nguzo moja, kwa hiyo zinapanda pamoja kama ndugu wawili kwenye ngazi. Ukipima kati yao unaweza usione ajabu. Ajabu iko kati yao na ardhi.

Na sasa tazameni TV ya mtu wa hapa. Ina mlango mmoja ukutani. Ina mlango mwingine juu ya bati: dishi. Waya wa dishi umeshuka kutoka nje, umepitia dirishani, umeingia kwenye dekoda, na dekoda imeshikana na TV kwa waya wa picha. Volti zilizopanda kwenye waya za nguzo zinatafuta ardhi, hazioni tundu la juu, zinaona dishi lililofungwa kwa chuma kwenye ukuta uliolowa mvua. Njia ni moja tu, kupitia tumbo la dekoda. Siku nyingine safari inageuka, inaanzia kwenye dishi na kuishia kwenye nguzo, lakini tumbo ni lile lile. Kati ya dekoda zilizonipitia mezani baada ya mvua, nyingi mno zimeungua pale hasa waya wa dishi unapoingia, na wenye nazo wote huniambia jambo moja: "Lakini fundi, nilichomoa!" Ulichomoa ukutani, ndugu yangu. Dishi uliliacha.

Kwa hiyo neno la kwanza la kwenda nalo nyumbani ni kuchomoa vyote viwili, na kuvichomoa mapema. Asiwepo mtu wa kukimbilia soketi wakati ngurumo ziko juu ya paa, kwa sababu wakati huo wewe ndiye unayekuwa waya. Hesabuni: mwanga ukionekana, kila sekunde tatu mpaka ngurumo ni kilomita moja. Ukifika tisa tu ukasikia, iko kilomita tatu, na hapo umeshachelewa.

Wapo watakaosema radi hapa si nyingi. Kweli, Upare hauko kwenye orodha ya sehemu zinazoongoza duniani. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka ziwa Maracaibo la Venezuela juu kabisa, radi zaidi ya 230 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na nyuma yake Kabare, huko Kongo ya mashariki, zaidi ya 200. Sisi hatufiki huko. Lakini dekoda haihitaji 200, inahitaji moja. Na si dekoda tu: Juni 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Shule ile baadaye iliwekewa vyuma vya kuiteremsha radi ardhini. Nawaomba viongozi mliopo hapa mlikumbuke hilo mnapopita kwenye madarasa yetu.

Kuna kitu kimebadilika pia, nacho si mbingu. Redio ya vali ya miaka ya zamani ilikuwa na gilasi ndani, ilikuwa inafanya kazi kwa mamia ya volti, na ukiipiga mshtuko mdogo ilikohoa ikaendelea. Simu iliyo mfukoni mwako ina mabilioni ya transista kwenye kipande kidogo kuliko ukucha, akili yake inafanya kazi kwa volti moja hivi, na utando unaotenganisha sehemu moja na nyingine una unene wa atomi chache. Hata mwili wako unatosha kuiua. Mtu aliyevaa sweta la nailoni, katika baridi kavu ya Julai, akilivua kwa haraka anaweza kubeba maelfu ya volti bila kujua, kwa kuwa vidole vyetu havihisi cheche iliyo chini ya volti 3,000 hivi. Sitaki kuwasema mafundi wenzangu, lakini simu zinazokwenda kubadilishwa kioo zikarudi na ugonjwa mpya, baadhi zimepigwa radi ndogo ya sweta. Fundi ashike kwanza chuma kilichoungana na ardhi, ndipo afungue simu.

Sasa tuje kwa watu wa nguzo.

Umeme wetu unatoka mbali. Bwawa la Nyumba ya Mungu liko hapo chini kwenye tambarare, na mitambo yake ya megawati 8 ni ya tangu miaka ya 1960, lakini haiwashi taa za Msangeni peke yake. Yote imeungwa kwenye gridi moja na Hale na Pangani na Mtera na Kidatu, na sasa na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115. Gridi ni kama kamba ndefu ya watu wanaovuta pamoja, mmoja akiachia wote wanayumba. Ndiyo maana taa huzima, na kuzima hakuui kitu. Kinachoua ni kurudi. Umeme unaporudi, kila friji, kila pampu na kila mashine ya kusaga mlimani inataka kuanza kwa wakati mmoja, na mota inapoanza hunywa mara tano au sita ya kiasi chake cha kawaida. Volti zinaanguka, zinaruka, zinaanguka tena, mpaka zitulie.

Dawa ya hilo ni ile friji gadi inayouzwa kila mji. Inapima volti, zikiwa chini mno au juu mno inakata, na umeme ukirudi inasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu. Ni kitu kizuri kwa friji. Lakini ndani yake kuna swichi ya chuma inayovutwa kwa sumaku, nayo huchukua sehemu kadhaa za elfu ya sekunde kuachia. Radi imekuja, imeua, imezikwa, swichi bado inajiandaa kuruka. Mtu anayenunua friji gadi kwa ajili ya radi amenunua mwavuli kwa ajili ya tetemeko. Na chaja ya simu yenyewe haihitaji gadi ya umeme mdogo: isomeni mgongoni, nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240. Umeme mdogo unaoua friji, chaja inaucheka.

Kuna ugonjwa mmoja wa nguzo ambao nataka kila mtu hapa autambue kwa macho, maana unachoma mtaa mzima kwa dakika moja. Nyumba zetu zinagawana fezi tatu na nyutro moja. Nyutro ikikatika njiani, au ikilegea kwenye kiungio chenye kutu, fezi zinaanza kugawana volti zao kwa nguvu, na nyumba zenye mzigo mdogo zinaweza kupata karibu 400 badala ya 230. Dalili yake ni hii: taa za kwako zinang'aa kupita kawaida na za jirani zinafifia, na mtu akiwasha pasi mambo yanageuka. Ukiona hivyo usikae kushangaa. Zima meni swichi, wapigie majirani, kisha wapigie TANESCO. Varista hapa haiwezi kukusaidia sana, kwa sababu ilitengenezwa kwa mshindo wa muda mfupi, na ukiiwekea volti 400 kwa dakika nzima inachemka na kuwaka moto. Kinga nzuri ina fyuzi ya joto ya kuikata kabla ya hapo. Mbovu haina. Kitaa chekundu hakitakuambia ni ipi.

Na varista huchakaa. Kila mshindo inaoumeza unaila kidogo, kama panga linavyoliwa na jiwe la kunolea. Kinga iliyokaa miaka sita kwenye nyumba ya mlimani ibadilisheni hata kama kitaa kinawaka. Ile ekstensheni ya kawaida ya matundu manne, yenye swichi ya kuwaka, si kinga hata kidogo. Ni waya mrefu wenye taa.

Nimesema sana juu ya kinachoua. Kuna kinachosumbua tu, nacho kina raha yake kukieleza. Wote mnaujua ule mlio wa redio, "trrr-trrr-trrr", sekunde mbili kabla simu haijaita. Simu ya mtandao wa zamani inapozungumza na mnara haitoi sauti mfululizo, inatuma vipande vipande, zaidi ya mara 200 kwa sekunde, na waya za spika zinaviokota kana kwamba ni muziki. Bodaboda ikipita nje ya nyumba, redio inakwaruza. Ni ile cheche ya plagi ya pikipiki. Mjerumani Heinrich Hertz, mwishoni mwa miaka ya 1880, alipothibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo, alichoyarushia kilikuwa cheche ikiruka kati ya vyuma viwili. Kwa hiyo kila bodaboda isiyo na kofia nzuri ya plagi ni kituo cha redio kinachotangaza upuuzi kutoka Lembeni mpaka hapa.

Siku hizi wasumbufu wakubwa ni chaja za bei ya chee na balbu za LED zisizo na chujio. Ndani ya chaja umeme unakatwa-katwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili ushushwe, na chaja nzuri ina vipande vya kuzuia makelele hayo yasirudi kwenye waya. Chaja ya bei ya chee, aliyeitengeneza ameviondoa vipande hivyo, ndiyo maana ikawa nyepesi. Ipimeni mkononi. Ukitaka kumjua msumbufu wako, chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye mawimbi ya kati mahali pasipo na stesheni, kisha tembea nayo nyumbani. Inapopiga kelele zaidi, hapo yupo. Nimewahi kumkuta kwenye taa ya chooni.

Mmewahi kujiuliza ule uvimbe mweusi kwenye waya wa kompyuta ni wa nini? Wengi hudhani ni pambo, na kuna kijana aliukata ili waya upendeze. Ni feraiti, chungu cha oksidi ya chuma, kilichotengenezwa kwanza Tokyo mwaka 1930 na Yogoro Kato na Takeshi Takei. Umeme wa kawaida unapita ndani yake bila habari, lakini makelele ya kasi yanageuzwa kuwa joto kidogo na kufia humo. Msiukate. Na kwa wenye sola: waya mbili zinazoshuka kutoka kwenye paneli zisiachane, moja ikapita kushoto na nyingine kulia kama wagombanao. Uwazi ulio kati yao ndio unaookota makelele, na siku ya radi unaokota zaidi ya makelele. Zisokoteni pamoja kama kamba ya mkonge wa Kisangara. Alexander Graham Bell alizisokota za simu tangu 1881 kwa sababu hiyo hiyo.

Redio hiyo hiyo inayosumbuliwa inaweza kuwa mlinzi wenu. Mrusi Alexander Popov mwaka 1895 alitengeneza kipokezi ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kusikia radi kabla haijafika. Ninyi mnacho nyumbani. Alasiri ya vuli, redio kwenye mawimbi ya kati ikianza kupasuka "kra… kra", na mbingu ya juu yenu bado ni ya bluu, ujue wingu liko upande wa pili wa mlima na linakuja. Huo ndio wakati wa kuchomoa, ukutani na dishini.

Yanayosemwa kwamba vioo na nguo nyekundu huita radi sitayapa muda. Kioo hakiiti radi. Funika kama moyo wako unataka, lakini kwanza chomoa.

Nirudi kwenye udongo. Hapa Ugweno hatuna udhuru wa kusema chuma hatukijui. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka 1969, ameeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyokuwa watawala hapa kabla ya Wasuya kuuchukua utawala. Watu waliotawala kwa chuma leo wameshindwa kuchomeka nondo moja ardhini! Shida yetu ya kweli ni mwamba. Unapiga nondo, nusu mita inagota. Basi usibishane na mwamba: chimba mfereji wa nusu mita kwenda chini, mrefu kadiri ya uwanja wako, laza waya mnene wa shaba, ufukie. Ulaze migombani, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, kwa sababu ardhi kavu haipokei umeme vizuri. Wanaomwaga chumvi kwenye nondo wanaila nondo yao wenyewe.

Waya wa kwenda kwenye ethi uwe mfupi na ulionyooka, usizungushwe kama kamba ya ng'ombe iliyobaki, kwa kuwa radi haipendi kona na kila mzunguko unaipandishia volti. Na, wazee wangu, ethi iwe moja. Chuma cha dishi, soketi na meni swichi vyote viungwe pamoja hapo hapo. Nimeona nyumba ambayo dishi limepewa nondo yake nyuma na umeme una nondo yake mbele, mwenyewe akifurahi kwamba ana mbili. Radi ikipiga karibu na ya nyuma, udongo wa pale unapanda volti na wa mbele haujapanda, na daraja kati yao linakuwa ile ile dekoda.

Fundi wako apime ethi kwa kipimo, usikubali akuangalizie kwa macho. Atakayekuambia hana kipimo mpe chai, mshukuru, mwite mwingine.

Vuli inaanza Oktoba. Kabla ya hapo nawaomba kitu kimoja kwa kila nyumba: mwiteni fundi azime meni swichi, afungue soketi moja tu, ile ya TV, na mwone kwa macho yenu kama nyuma ya tundu la juu kuna waya wa kijani na njano. Ukiwapo, fuateni unakoishia. Usipokuwapo, msinunue kinga yoyote mpaka uwekwe.